Usinunue injini kwanza: mwongozo wa fleksipleti na gia boksi ya otomatiki kwa gari la porini

Mlio ulianzia mwaloni, Kayenze hapa Mwanza, asubuhi, gari limesimama tunapakia magunia ya dagaa. Tak-tak-tak, kama mtu anagonga sufuria kwa kijiko chini ya sakafu. Nikikanyaga mafuta unapotea, likirudi sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, unarudi nao. Gereji ya kwanza niliyopita mjini walisikiliza dakika mbili, wakasema konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na mhimili wa injini (krenki), imelegea, nitafute injini nyingine. Nikaanza kuwapigia madalali.

Fundi wa pili, mzee mmoja wa Nyakato, hakusema kitu. Alichukua mpini wa jembe, akaweka ncha moja kwenye sampu ya injini, ile trei ya oili chini yake, na nyingine sikioni. Akahamia kwenye kengele ya gia boksi, pale inapokutana na injini. Kisha akauliza, "Mwanangu, gia boksi ya hili gari ilishushwa lini?"

"Miezi minne iliyopita, mzee. Walibadilisha sili ya nyuma ya krenki."

"Haya, tukaangalie walivyoirudisha."

Tulikuta fleksipleti imepasuka karibu nusu duara, na gaidi pini moja, kichuma cha kuipanga gia boksi ikae sawa, haipo kabisa. Injini ile ile bado ninayo. Haya ninayoandika ni niliyojifunza chini ya gari lile na mengine yaliyofuata, kwa mwenye Prado, Surf, Pajero, Discovery au Land Cruiser ya otomatiki anayetembea kwenye mchanga na matope ya huku kwetu.

Kitu chenyewe ni nini

Gari la gia za mkono lina flaiwili nzito ya chuma nyuma ya krenki. Otomatiki haina. Mahali pake kuna sahani nyembamba, ndiyo fleksipleti, unene wa milimita chache tu. Katikati imefungwa kwenye krenki, karibu na ukingo imefungwa konveta (chombo cha oili kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi), na ukingoni kabisa kuna meno ya kushikwa na stata. Nguvu yote ya injini inapita hapo. Dukani wengi wanaiita "flaiwili ya otomatiki", na usipotaja hilo neno la mwisho utarudi nyumbani na dude la gari la mkono.

Sahani hii imetengenezwa inepe kidogo, kwa sababu konveta ikipata moto na presha huvimba na kusukuma. Kinachoiua ni kukunjwa kila mzunguko. Gia boksi ikikaa upande hata kwa nusu milimita, na injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, sahani inakunjwa mara 120,000 kwa saa moja. Umewahi kukata waya kwa kuukunja huku na huku? Ni hivyo hivyo. Kwa hiyo ukiikuta imepasuka, jua kuna kilichoipasua, na ukiweka mpya bila kukitafuta umelipia miezi minne mingine.

Hatua ya 1: Sikiliza kabla ya kufungua

Egesha mahali tambarare. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Mwanza hii mawe huwezi kusema umeyakosa. Vuta handibreki, mtu akae kwenye usukani mguu ukiwa kwenye breki muda wote, na asisimame mtu mbele wala nyuma ya gari. Washa, acha injini ipate moto, kisha usikilize ikiwa P, N, D na R, kila moja nusu dakika.

Sahani iliyopasuka hupenda kugonga kwenye sailensa. Ukiingiza D mlio hubadilika: unaweza kupungua, kuhama, au kukata kabisa, kwa kuwa sasa konveta inaivuta sahani upande mmoja na ule ufa unabanwa. Konrodi iliyolegea haina tabia hiyo. Yenyewe hugonga zaidi injini ikibeba mzigo na oili ikishakuwa nyepesi kwa moto.

Kisha fanya kama mzee yule. Mpini wa mbao au bisibisi ndefu, kwanza kwenye sampu, halafu kwenye kengele ya gia boksi. Mlio mkali uko wapi? Angalia tu shati na mikono visifike kwenye feni na mikanda.

Kwa injini ya petroli kuna jaribio jingine: zima silinda moja moja kwa kuchomoa plagi ya waya wa injekta. Konrodi ya silinda uliyoizima itapunguza kelele. Ufa wa sahani haujali silinda ipi inafanya kazi. Kwenye dizeli za komon reli, kama injini ya 1KD ya Prado, usiguse mabomba ya injekta injini ikiwa inanguruma. Presha ya mle inapita ngozi na kuingiza dizeli mwilini, na mtu hukatwa mkono kwa sababu hiyo. Mwachie mwenye mashine ya kusoma kompyuta.

Hatua ya 2: Stata inakuambia imekatika wapi

Sehemu hii naipenda kuliko zote, maana haihitaji spana hata moja.

Gari limekata kwenda njiani, injini inanguruma vizuri, ukiweka D au R hakuna kitu, kimya kama uko N. Usikimbilie kusema gia boksi imekufa. Zima, halafu piga stata.

Stata ikizunguka na kulia lakini injini haizunguki, sahani imekatika katikati, kuzunguka boliti za krenki. Stata inazungusha ukingo na konveta, krenki imebaki peke yake.

Injini ikiwaka kama kawaida ila gari haliendi, inawezekana sahani imeng'oka kwenye boliti za konveta, au boliti zenyewe zimetoka. Hapo chomoa dipstiki ya gia boksi, kama gari lako linayo. Pima injini imezimwa, halafu pima ikiwa inanguruma. Kwenye gia boksi nzima oili hushuka ukiwasha, kwa sababu pampu imeivuta. Isiposhuka hata kidogo, pampu haizungushwi. Pampu hiyo huzungushwa na shingo ya konveta, na konveta huzungushwa na sahani, kwa hiyo rudi kwenye sahani. Oili ikishuka vizuri na gari bado haliendi, hapo ndipo unaanza kuishuku gia boksi yenyewe.

Na stata inayokwaruza sehemu moja tu, leo inashika kesho haishiki, yaweza kuwa ni meno yaliyolika au sahani iliyopinda. Wengi huko mtaani wamebadilisha stata tatu kwa ugonjwa wa sahani.

Hatua ya 3: Chungulia

Toa nguzo hasi ya betri. Pandisha gari, liweke kwenye stendi za chuma. Jeki peke yake usiiamini, na matofali ya kuchoma usiyaamini kabisa, hupasuka bila kukuaga. Chini ya kengele ya gia boksi kuna kifuniko kidogo cha bati au kizibo cha mpira. Kifungue, umulike kwa tochi.

Mwenzako azungushe injini kwa spana kwenye boliti ya puli ya krenki, polepole, kwa upande ule injini inaozungukia siku zote. Wewe angalia vitu vitatu. Boliti za konveta: zipo zote? Zote zimekaza? Vumbi jekundu kama unga wa kutu: chuma kikisagana na chuma hutoa unga huo, na mara nyingi utauona kabla ya kuuona ufa. Tatu, futa sahani kwa kitambaa chenye petroli, ingiza bisibisi bapa nyuma yake na uisukume kidogo kidogo. Ufa hufunguka mdomo ukisukumwa.

Ufa wa katikati hutauona kwa njia hii, umefichwa na konveta. Siku hizi kuna kamera ndogo za waya zinazochomekwa kwenye simu. Ukipata ya kuazima, ipitishe pale. Usipouona ufa na dalili zote zinasema ni sahani, gia boksi itashuka tu.

Hatua ya 4: Kushusha

Sitaeleza kila boliti, kila gari lina yake. Nitasema yale yanayoharibu kazi.

Gia boksi na transfa yake (ile ya kugawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na nyuma) kwenye gari la aina hii hupita kilo 100. Tumia jeki ya gia boksi na ufunge mkanda. Nimeona vijana wanne wakiipokea kwa mabega, na nimeona mmoja wao baadaye akitembea kwa kuinama. Fungua kwanza boliti za konveta kutoka kwenye sahani, kupitia kile kidirisha, kisha isukume konveta irudi nyuma ndani ya gia boksi. Kengele ikishaachia, funga waya au kipande cha bapa mbele ya konveta isianguke. Ikidondoka ina oili ndani, ni nzito, na ikitoka nusu unaharibu sili ya pampu.

Kwa dakika yoyote ile, uzito wa gia boksi usining'inie kwenye konveta au sahani. Kengele ikiwa wazi nusu na jeki imeshuka kidogo, sahani inapinda pale pale, na hutaiona kwa macho.

Hatua ya 5: Tafuta muuaji

Sasa kaa chini na uangalie. Kwenye uso wa nyuma wa bloki kuna gaidi pini mbili, vichuma vifupi vilivyochomoza. Hivi ndivyo vinavyoipanga gia boksi ikae sawa na krenki. Boliti kazi yake ni kubana tu. Pini moja ikipotea gia boksi hukaa popote inapotaka. Kwenye gari langu pini ilikuwa imetolewa na kuachwa mezani, pengine kwa sababu ilikuwa ngumu kuingia.

Uso wa bloki na uso wa kengele uwe safi. Kipande cha kutu, tope lililokauka, waya uliobanwa katikati, vyote vinainamisha. Kagua tundu la katikati ya krenki, pua ya konveta inapoingia: likiwa na kutu au kovu, pua haitelezi na sahani inabebeshwa mzigo huo. Lisugue kwa msasa laini, pakaa grisi kidogo sana. Sukuma puli ya krenki mbele na nyuma. Ikicheza kupita kipimo cha injini hiyo, shimu za krenki, yale mabati ya kuizuia isicheze, zimeisha, na sahani mpya haitadumu.

Na wakati mwingine muuaji ni dereva. Kukwama kwenye tope la mbuga, ule udongo mweusi kuanzia Magu hadi Lamadi ambao mvua ikinyesha hugeuka gundi, halafu D, R, D, R huku mafuta yamekanyagwa: gurudumu linazunguka bure, ghafla linashika, na pigo lote linarudi kwenye sahani na gia. Toa mguu kwenye mafuta, subiri gurudumu lisimame kabisa, ndipo ubadili.

Hatua ya 6: Kuchagua sahani

Nenda na ile ya zamani mkononi. Hesabu meno, linganisha kipenyo, matundu ya boliti na kina cha katikati. Baadhi ya sahani zimechomelewa kizito cha kusawazisha mzunguko. Usiweke isiyo nacho kwenye injini inayokitaka. Chukua pia zile pete za chuma za mbele na nyuma ya sahani kama gari lako linazo.

Mtumba si dhambi, mimi nimeweka ya mtumba, ila ijaribu. Ining'inize kwa kamba na uigonge kwa spana: nzima hulia ngaaa kama kengele ya shule, yenye ufa hulia kavu. Kisha ipake mafuta ya taa, subiri dakika kumi, ifute ikauke, uinyunyizie unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha kwenye ufa hutoka na kuchora mstari kwenye chaki. Muuzaji akikataa usiijaribu, nenda duka la jirani. Kuchomelea sahani iliyopasuka usikubali hata kama fundi anakuapia. Moto wa kuchomea hukipindisha na kukidhoofisha chuma chembamba namna hii.

Hatua ya 7: Kuirudisha, na hapa ndipo kazi ilipo

Boliti za krenki zikazwe kwa msalaba, kwa awamu, kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) na kipimo cha injini hiyo. Injini nyingine hukazwa kwa kipimo kisha huongezwa nyuzi 90, na nyingine hutaka boliti mpya. Kitabu cha gari kitakuambia. Mkono wa fundi, hata awe na miaka thelathini ya kazi, si toki.

Halafu konveta. Ina sehemu tatu za kuingia: meno ya shafti ya kuingizia, meno ya steta, na vidole vya pampu. Isukume huku ukiizungusha taratibu. Utaisikia ikidumbukia, tok, halafu tok, halafu tok ya tatu. Wengi huishia ya pili na kudhani wamemaliza. Pima kwa rula: laza bapa iliyonyooka juu ya mdomo wa kengele, pima kina hadi kwenye matundu ya boliti za konveta, ulinganishe na kipimo cha gia boksi yako.

Ukiipandisha, kengele na bloki lazima vigusane kwa kusukumwa na mkono tu. Kukibaki nafasi, simama. Usiivute kwa boliti! Boliti zitaivuta kweli, na unachokivunja ni gia za pampu, pamoja na sahani uliyoinunua leo. Ikishakaa, jaribu kuizungusha konveta kupitia kidirisha: iwe huru, na iwe na nafasi ya milimita chache kabla ya kufika kwenye sahani. Nafasi hiyo ndiyo ushahidi wako kwamba konveta imeingia.

Boliti za konveta ziwe zile zile za asili. Ndefu kupita kiasi inabonyeza uso wa konveta na kuharibu klachi iliyo ndani. Pakaa gundi ya nyuzi. Kwenye gia boksi kadhaa za Toyota kuna moja yenye rangi tofauti. Hiyo ndiyo inayotangulia. Ziingize zote kwa vidole kwanza, ndipo ukaze.

Kabla ya kurudisha betri, zungusha injini kwa spana mizunguko miwili kamili. Ikigoma popote, usilazimishe.

Oili: jaza ya aina inayotajwa kwenye kitabu. T-IV na WS za Toyota, SP-III ya Mitsubishi na Matic ya Nissan hazibadilishani kwa sababu tu zote ni nyekundu. Washa, pitisha gia zote mguu ukiwa kwenye breki, kisha pima ikiwa P au N kama kitabu kinavyosema, inanguruma, na ina moto. Prado nyingi za 120 zenye gia tano hazina dipstiki. Hupimwa kwa boliti ya kumwagikia, oili ikiwa kwenye joto lililowekwa. Hiyo si kazi ya kukisia.

Mchanga na maji ya ziwa

Sahani ikiwa salama, kinachobaki kuua gia boksi huku ni joto na maji.

Joto hutoka kwenye konveta. Ukiwa kwenye mchanga wa Igombe unavuta mtumbwi, injini inazunguka kwa nguvu na gari linajivuta mwendo wa kobe, tofauti yote hiyo inageuka moto ndani ya oili. Weka L ya transfa, ile gia nzito, mapema, kabla hujakwama, upunguze upepo wa matairi. Oili ya kawaida hufanya kazi nyuzi 80 hadi 95. Ikipita 120 huanza kuungua na kunuka kama ugali ulioshika sufuria. Taa ya joto la oili ikiwaka, weka N au P, acha injini inanguruma sailensa ili oili ipite kwenye kula, yaani kipozeo cha oili. Ukizima, moto unabaki mle mle.

Maji huingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni rejeta: kwenye magari mengi kula ya gia boksi iko ndani ya rejeta, ikitoboka maji na oili vinakutana. Ya pili ni ya watu wa ziwani. Umetoka safari, gia boksi ina moto, unarudi kinyumenyume majini kushusha boti au unavuka kijito kilichofurika. Maji yanaipoza ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta chochote kilichopo kwenye bomba la kupumulia. Kama ncha ya bomba iko chini ya maji, umeinywesha gia boksi.

Chomoa dipstiki. Ukiona rangi ya maziwa ya stroberi, usiwashe tena. Maji hulegeza gundi inayoshika vitambaa vya klachi, na kila dakika ya kuendesha ni vitambaa vinavyobanduka. Livutwe, transfa ikiwa N au shafti za difu zimetolewa, kwa sababu injini ikiwa imezimwa pampu haizunguki na gia boksi hukaa kavu. Kumwaga mara moja hakutoshi, sehemu kubwa ya oili hubaki kwenye konveta. Mwaga, jaza, zungusha, mwaga tena hadi itoke nyekundu safi, na uwe tayari kusikia kwamba klachi zimeshakwenda.

Kinga yake ni bomba la mpira la bei ya soda chache. Lifuate bomba la kupumulia kutoka juu ya gia boksi, liunganishe na mpira unaostahimili oili, ulipandishe hadi karibu na ukuta wa injini, ncha ikitazama chini, ufunge filta ndogo ya petroli isiingize vumbi. Difu na transfa zifanyie hivyo hivyo. Langu nililifunga Jumapili moja nyumbani Pasiansi, na tangu hapo kila nikitoka majini naanza na dipstiki kabla ya kumsalimia mtu.